Daraja Nililoliandika Bila Kuliona: Kwaheri kwa Bi. Nesta Probert

Ijumaa, tarehe 28 Machi, saa sita mchana, Bi. Nesta Probert atarudisha ufunguo wa chumba cha ramani baada ya kuitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na minne na miezi sita. Mhariri wa jarida letu aliniomba mimi, mkuu wa ofisi, niandike wasifu wake usiozidi ukurasa mmoja, wa kuchangamsha, wenye kutaja mafanikio yake matatu. Nimejaribu mara nne. Kila nilipofika kwenye mafanikio, kalamu ilinirudisha kwenye kosa langu mwenyewe. Kwa hiyo makala hii imezidi ukurasa, na sehemu yake kubwa hainipi sifa. Naomba ichapishwe na isomwe hivyohivyo.

Nesta ni binti wa tarishi. Kwao, kijiji cha machimbo ya mawe kaskazini mwa Wales, baba yake aliitwa Elwyn Posta, na siku za likizo binti alimfuata mlango hadi mlango. Alijifunza mapema kwamba anwani ni jambo moja na nyumba ni jambo jingine. Alipoajiriwa kwetu kama mpiga chapa, ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu mjini Swansea, na kulikuwa na birika moja la chai kwa watu tisa.

Mwezi wake wa tatu, akiwa anachapa maelezo ya mpaka mpya, alimwendea mchora ramani mkuu na kumwambia, "Bwana, mstari wako umepita jikoni mwa mtu. Huyu bibi atapika katika jimbo moja, aende kula katika jingine." Wakamcheka. Jumamosi iliyofuata alipanda basi kwa nauli yake, akaenda hadi kwenye nyumba hiyo, na Jumatatu akaleta mchoro wa jiko pamoja na barua ya mwenye nyumba. Mstari ukahamishwa. Baada ya wiki mbili na Nesta naye akahamishwa, akaingia chumba cha ramani, na hajatoka humo mpaka leo. Kwetu mtu hubandikwa kazi yake kwenye jina. Tuna Dai Mkate, tuna Ifor Maziwa. Yeye akawa Nesta Mipaka, na kuna madiwani wazima ambao hawajui kwamba ana jina la ukoo.

Kwa walioingia juzi, niseme kidogo kazi yetu ni ipi. Kila jimbo la uchaguzi linatakiwa liwe na wapiga kura karibu sawa na jirani yake, lakini watu hawazaliani wala kuhama kwa kutufuata sisi. Kaunti moja inakuwa na watu wengi mno kwa mbunge mmoja na wachache mno kwa wawili. Hapo hatuna budi kuvuka mpaka wa kaunti na kuchukua kijiji au bonde la jirani. Mtu haondolewi nyumbani kwake, anabadilishiwa mbunge tu. Lakini hapa kwetu watu huipenda kaunti yao hata timu yake ikiwa ya mwisho. Nesta aliwaambia vijana wa kazi, "Ukivusha watu mpaka wa kaunti umegusa makaburi ya babu zao. Piga hodi kwanza."

Na alipiga hodi kweli. Aliukagua kila mpaka kwa miguu, na mabuti yake ya mpira yalikaa nyuma ya mlango wa chumba cha ramani mwaka mzima. Katika majina hakuwa na mpinzani. Nakumbuka miji miwili iliyounganishwa katika jimbo moja ikagombana ni jina la nani litangulie. Kila upande ulikuja na wakili. Nesta akawapa chai, kisha akawaambia, "Haya, kila mmoja alitamke jina zima haraka, mara tatu, mji wa mwenzake ukitangulia." Kufika mara ya pili, mmoja wa mawakili alikuwa ameng'ata ulimi na meza nzima ilikuwa inacheka. Jina lililotamkika ndilo lililopita, na walioshindwa waliondoka wakiwa bado wanajaribu kulitamka lile jingine ngazini.

Hayo ndiyo niliyotakiwa kuandika. Sasa naandika yaliyobaki.

Miaka kumi na tisa iliyopita tulikuwa tunamalizia mapitio ya majimbo ya kaunti za Ardeg na Maelwy. Ardeg ilipungukiwa wapiga kura elfu mbili na kidogo, nasi tulipaswa kuwachukua kutoka Maelwy. Mahali pa kuwachukua palikuwa pawili. Pa kwanza ni tarafa ya Llanfedw, yenye barabara kuu. Pa pili ni bonde la Cwmbrenan, linalotenganishwa na Ardeg na mto Brenan. Llanfedw walikuwa na sauti, mwanasheria na gazeti, wakapinga kwa nguvu. Dakika za mwisho makamishna, ambao ndio huamua mipaka, wakaligeukia bonde.

Sheria ilikuwa wazi: sehemu zote za jimbo ziwe zinafikika kwa barabara bila kutoka nje ya jimbo hilo. Ramani ilionyesha Daraja la Siencyn juu ya Brenan. Lakini barua kumi na moja kutoka Cwmbrenan zilisema daraja hilo lilichukuliwa na mafuriko miaka miwili nyuma, na kwamba mabaraza ya kaunti mbili yalikuwa bado yanabishana nani alijenge, kwa kuwa kila moja lilidai gharama ni za mwenzake. Ilibidi mtu aende akaone. Mtu huyo siku zote alikuwa Nesta, lakini Alhamisi ya wiki hiyo alikuwa amepasuliwa goti.

Alinipigia simu akiwa kitandani hospitalini. "Gethin, nenda Jumamosi. Makamishna wanakaa Jumatatu. Shuka mpaka mtoni, umenisikia? Usiishie kilimani."

"Nitashuka, Bi. Nesta."

"Chukua mabuti yangu kama huna."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto wa wiki tatu nyumbani. Vilevile nilikuwa na tiketi ya mechi ya raga ya timu ya taifa, Cardiff, Jumamosi hiyo hiyo saa tisa na nusu alasiri. Mtoto ndiye niliyemtaja kwa watu kila mara. Tiketi sijawahi kumtajia mtu hadi leo.

Nilifika juu ya kilima cha Cwmbrenan saa tano kasoro. Mvua ilikuwa inanyesha kwa ubavu na ukungu umelijaza bonde. Kutoka pale hadi mtoni ni maili mbili za barabara nyembamba yenye malango matatu ya kondoo, na kila lango ushuke, ufungue, upite, ushuke tena, ufunge. Nikapiga hesabu ya muda. Nikala mkate wangu wa jibini ndani ya gari. Ukungu ulipopasuka kidogo niliona nguzo mbili za mawe kando ya maji, nikajiambia kwamba penye nguzo pana daraja. Nikageuza gari. Tulishinda mechi ile.

Jumapili usiku niliandika ripoti. Ninayo nakala yake hapa. "Nimefika mahali husika. Daraja la Siencyn lipo na linapitika kwa magari madogo. Barua za wakazi zimetia chumvi." Sentensi ya mwisho hakuna aliyeniomba. Niliiongeza ili ripoti isionekane fupi.

Jumatatu makamishna waliisoma, wakaziweka kando zile barua kumi na moja, wakapiga kura. Cwmbrenan ikaingia Ardeg. Jimbo likaitwa Ardeg, basi, kana kwamba bonde halikuwamo. Bunge lilipitisha mwezi wa sita.

Siku tisa baada ya sheria kutiwa saini, Nesta, aliyekuwa amerudi kazini kwa magongo, alipokea barua fupi kutoka kwa Bi. Morfydd Harries, mwalimu mstaafu wa Cwmbrenan. Iliandikwa: "Tafadhali njoo uvuke daraja lenu." Akaisoma mara mbili, akaniangalia, akasema, "Utaniendesha. Goti halijapona."

Niliendesha gari saa mbili na nusu. Safari hii tulishuka hadi mtoni. Nguzo mbili zilikuwepo. Katikati yake palikuwa na maji, na upande wa pili ng'ombe wa Ardeg walitutazama. Nesta alisimama ukingoni kwa muda mrefu. Nilitarajia ageuke aniulize. Hakugeuka.

Katika ukumbi wa kanisa walikuwa watu kama sabini. Bi. Morfydd alisimama mbele, mdogo, mnyoofu, na ripoti yangu mkononi.

"Bi. Probert," alisema, "nimefundisha kusoma na kuandika katika bonde hili miaka thelathini na minane. Nimeisoma ripoti yenu kwa makini. Imeandikwa vizuri, tahajia yake safi. Ina kosa moja tu. Si kweli."

Kutoka dirishani akapaza sauti Idwal Bowen, mfugaji ambaye shamba lake linaishia pale mtoni, na ambaye wenzake humwita Idwal Darajani. "Tuonyesheni huyo aliyekuja! Tunataka kuyaona hayo macho yaliyoona daraja lililokwenda zake baharini!"

Watu wakacheka kicheko kikavu. Idwal aligeuka kuniangalia. Nilidhani ni kwa sababu nilikuwa mgeni.

Nesta aliegemea magongo yake. "Ripoti ilitoka mezani kwangu," alisema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuja, na sikuja. Kosa ni langu. Naona haya kusimama mbele yenu."

"Haya haivushi mtu mto, mama," mzee mmoja akamjibu.

"Najua."

Nilikuwa kiti cha mwisho, nimepakata koti lake la mvua. Kati yangu na pale mbele palikuwa na hatua kumi na mbili. Nilizihesabu. Nilihesabu na mafundo ya mbao kwenye kiti cha mbele yangu. Mkutano ulipofungwa, Bi. Morfydd na Idwal walimchukua Nesta jikoni kwa chai, nami nikaenda kumsubiri garini. Walikaa humo dakika arobaini.

Njia nzima ya kurudi hakutaja daraja. Tulipoziona taa za mji aliniuliza, "Mtoto analala siku hizi?"

"Analala, Bi. Nesta."

"Vizuri."

Nilimshukuru Mungu kwamba hajui kuwa sikushuka mtoni.

Uchunguzi wa ndani ulichukua wiki tatu. Mkuu wa wakati ule alimuuliza nani alikwenda uwandani, naye akajibu kwa maandishi kwamba ukaguzi ulikuwa chini ya dhamana yake na hana la kuongeza. Kisha nikaitwa mimi. "Na wewe, Gethin, una la kusema?" Nikasema, "Sina." Nesta alipewa onyo la maandishi. Miezi minne baadaye nafasi ya naibu mkuu ilitangazwa, ile ambayo ofisi nzima ilijua ni yake, na mwenye onyo kwenye jalada lake hakuruhusiwa kuomba. Niliipata mimi. Naye ndiye aliyeninunulia kadi ya pongezi na kuizungusha itiwe saini.

Watu wa nje hudhani mstari kwenye ramani haumdhuru mtu. Mwaka wa tatu, baraza la Maelwy lilitangaza kuifunga shule ya Cwmbrenan, yenye watoto ishirini na watatu. Wazazi walimwendea mbunge. Ofisi yake ilikuwa mji mkuu wa Ardeg, maili thelathini na moja kwa kuzunguka, wakati kwa daraja ingekuwa maili sita. Akawaambia shule ni mambo ya Maelwy, waende kwenye baraza lao. Baraza likawaambia wana mbunge wao, waende kwake. Njia mbili zilimshinda fisi, na zile zilikuwa zinarudishana. Shule ilifungwa mwezi wa saba. Bi. Morfydd alikwenda siku ya mwisho akafuta ubao mwenyewe. Nililisoma hilo gazetini, mezani kwa naibu mkuu, nikalikunja gazeti.

Nesta hakukunja. Kuanzia mwaka ule alitumia Jumamosi zake kwenye hifadhi za nyaraka za kaunti zote mbili, kwa muda wake mwenyewe, akitafuta kitu kimoja: mstari wa zamani kabisa wa mpaka kati ya Ardeg na Maelwy pale mtoni. Kila mtu alijua unapita katikati ya maji. Alitafuta miaka sita. Aliupata kwenye ramani ya kugawa malisho, karibu miaka mia mbili nyuma, imekunjwa ndani ya daftari la mashamba. Kwa umbali wa mita mia tatu, pale penye daraja, mpaka hauendi katikati ya mto. Unafuata ukingo wa kusini, upande wa Cwmbrenan, kwa sababu bwana fulani wa Ardeg alitaka kunywesha farasi wake pande zote. Daraja zima, nguzo zote mbili, lilikuwa mali ya Ardeg, na hakukuwa na la kubishania.

Aliipeleka ramani hiyo kwenye kikao cha baraza la Ardeg. Mwenyekiti akasema, "Mama, unataka kutubebesha daraja kwa ajili ya farasi aliyekufa?"

"Farasi alikunywa bure miaka yote hiyo," Nesta akamjibu. "Sasa lipeni maji."

Hata gazeti la Ardeg liliandika maneno hayo. Daraja lilijengwa mwaka wa kumi na mmoja. Bi. Morfydd alikuwa amefariki majira ya baridi yaliyotangulia, akiwa na miaka tisini na minne. Shule haikufunguliwa tena. Sasa ni nyumba ya watu wanaokuja wakati wa kiangazi.

Mapitio yaliyofuata yalipowadia, sheria ya idadi ilikuwa imekaza na bonde halikuweza kurudi Maelwy kwa namna yoyote. Nesta alikwenda kuwaambia yeye mwenyewe, ukumbini palepale. Wakamwambia, "Kama haturudi, basi angalau tutajwe." Makamishna walitaka majina mafupi. Tulipokea mapendekezo kumi na manne, likiwemo moja la Idwal lililosema jimbo liitwe Ng'ambo Isiyofikika. Nesta alibishana vikao vitatu, akitumia hoja moja: mbunge akila kiapo kwa jina la watu, hawezi tena kuwaambia hawajui. Tangu siku hiyo jimbo linaitwa Ardeg na Brenan. Mbunge wa sasa huenda bondeni kila mwezi wa pili. Nilikuwa mkuu wa ofisi wakati huo, na saini yangu ndiyo iko chini ya jina lile. Watu walinipongeza. Nilipokea.

Wiki tatu zilizopita nilikwenda Cwmbrenan kumwalika Idwal Bowen kwenye sherehe ya kumuaga Nesta. Nilikuwa pia nimekusudia kumweleza ukweli. Nilikuwa nimejipangia maneno tangu asubuhi. Nilimkuta zizini, kwa kuwa huu ni msimu wa kondoo kuzaa, mikono yake imelowa hadi kiwiko.

"Bwana Bowen," nikaanza, "ile ripoti ya daraja, miaka ile, aliyeiandika ni mimi. Sikushuka mtoni."

Hakuinua uso. "Najua," alisema.

Akaendelea kumvuta mwanakondoo aliyekuwa anazaliwa.

"Nilikuona, bwana mkubwa. Gari la buluu. Nilikuwa naleta majani ya kondoo pale juu. Ulikaa robo saa, ukala, ukageuza. Nikasema labda amesahau kitu, atarudi."

"Hukusema lolote mkutanoni."

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Ulikuwa umeketi pale kama umegandishwa kwa gundi. Tulipoingia jikoni nikamwambia Nesta. Nikamwambia, mama, aliyekosa ni yule kijana wako, hata mtoni hakufika, nakwenda kumtoa garini kwa ukosi. Morfydd alikuwepo. Nesta akanishika mkono. Akasema, 'Niachie. Ana mtoto wa miezi mitatu, hajalala, ndio anaanza kazi. Mkimtaja atafukuzwa.'" Akamweka mwanakondoo kwenye majani makavu na kunitazama kwa mara ya kwanza. "Ni kweli ilikuwa sababu ya mtoto?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna mtu aliyebaki wa kunikanusha.

"Hapana," nikasema. "Ilikuwa mechi ya raga."

Akacheka kidogo, na kicheko kile sitaki kukisikia tena. "Chai utakunywa, maana mgeni ni mgeni," alisema. "Mkono sikupi leo." Aliniletea chai na vikeki vya zabibu alivyopika mkewe, akavitua juu ya ukuta wa zizi, akarudi kwa kondoo wake. Nilikula nikiwa nimesimama.

Miaka kumi na tisa, basi, Nesta alijua. Alijua siku aliponizungushia kadi ya pongezi. Alijua kila Jumamosi aliyokaa kwenye vumbi la nyaraka akilitafutia daraja mwenyewe, nami nikimpita koridoni kumwambia asijichoshe.

Nilipomaliza makala hii nilimpelekea aisome kabla ya mhariri. Niliketi mbele yake katika chumba cha ramani. Aliisoma na penseli nyekundu mkononi, kama asomavyo kila kitu. Akarekebisha sehemu moja, nilipoandika maili thelathini badala ya thelathini na moja. Alipofika mwisho alivua miwani.

"Mechi," alisema.

"Ndiyo."

"Hilo sikulijua." Akaiweka penseli chini. "Umeacha jambo moja, Gethin. Umenifanya mtakatifu. Siku ile jikoni walikuwa bado na wiki tano za kwenda mahakamani kuupinga mpaka. Kosa la kuona halivunji mpaka uliokwisha kupitishwa. Ripoti ya uongo inaweza kuuvunja. Mimi nilijua sheria, wao hawakuijua. Nikawaomba wanyamaze kwa ajili ya mtoto wako, na sikuwaambia wanachopoteza. Morfydd alikufa bila kujua kwamba shule yake huenda ingepona." Akaifuta miwani. "Sikuitafuta ile ramani kwa wema. Nilikuwa sipati usingizi. Andika na hilo."

"Bi. Nesta, hii ni sherehe yako."

"Ndiyo maana. Liandike, au usichapishe."

Nimeliandika.

Nikamuuliza kama amewahi kunisamehe. Alifikiri, kwa kuwa yeye hajibu kitu bila kukifikiri. "Sijui," alisema. "Nilikuwa nimekukasirikia miaka mingi, halafu kazi ikawa nyingi." Akairudisha miwani yake puani na kunikabidhi karatasi.

Jumatatu iliyopita niliwasilisha kwa bodi maelezo yangu yaliyotiwa saini kuhusu ripoti ile, pamoja na ombi kwamba onyo liondolewe kwenye jalada la Bi. Probert. Nakala imetumwa kwa wakazi wa Cwmbrenan, ikiwa na jambo ambalo Nesta alitaka waelezwe kuhusu mahakama. Barua ya kuisindikiza ameiandika yeye. Bodi itakaa Aprili kuamua juu yangu. Uamuzi wowote watakaotoa utakuwa umechelewa miaka kumi na tisa. Idwal Bowen amejibu mwaliko kwa kadi ya posta. Atakuja, amesema, akimaliza zamu ya kondoo, na anaomba awekwe meza ya Nesta, mbali na yangu.

Bi. Nesta, wenzako wamechanga zawadi, wamepanga nyimbo, na kila mmoja ana kisa chake cha mabuti na mvua. Wanakushukuru kwa kuwafundisha kazi hii, na wanakuombea goti lenye nguvu, asubuhi zisizo na saa ya kengele, na miaka mingi ya kutembea njia ambazo hakuna aliyekutuma kuzikagua. Katika shukrani hizo najiunga nao. Kuna neno moja tu ambalo lazima nilitoe peke yangu, kwa sababu mwenye deni lake ni mimi: siku ile ukumbini ilikuwa zamu yangu kusimama, na ulisimama wewe. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, bado nakutakia maisha mema.

Gethin Rosser
Mkuu wa Ofisi